Maboksi Mawili ya Tende

Januari 1998, kumi la pili la Ramadhani, basi letu lilizama kwenye tope tukiwa tumeshapita Muhoro na kabla ya kufika Somanga. Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 1997 zilikuwa hazijakata. Daraja la Rufiji halikuwepo. Tulivuka mto huo Ndundu kwa pantoni, na kule ng'ambo watu wakapiga vigelegele wakidhani shida imekwisha. Tukakaa pale topeni siku nne.

Nilikuwa kijana mchuuzi, napeleka Lindi bidhaa za sikukuu. Chini ya kiti changu niliweka maboksi mawili ya tende. Magari hayapiti, nikawaza, kwa hiyo Lindi tende zitakuwa adimu, nami nitauza nitakavyo.

Magharibi ya kwanza wanakijiji walitufuata na masinia. Mihogo ya nazi, uji, samaki kidogo. Ile mihogo walikuwa wanaing'oa changa, maana maji yalikuwa yanaiozesha shambani, na abiria tulizidi hamsini. Bibi mmoja alinichukua nikalale barazani kwake. Hakuniuliza kabila wala dini, aliniuliza kama nimefunga.

Siku ya pili kijana mmoja akaja kutuuzia mihogo kwa bei maradufu. Bibi alimwita, akafungua fundo la kanga yake, akalipia tenga zima.

"Hiyo ni bei ya juzi, mjukuu wangu. Hawa wamekwama, hawakuja sokoni."

Kijana aliinama, akapokea. Sikuinuka nilipokaa, ingawa maneno yale yalinihusu kuliko yeye.

Jioni ya tatu uji ulikuwa mwepesi, hauna sukari. Adhana ilipolia, bibi alinipa kata ya maji nifungulie kinywa, akasema laiti kungekuwa na kokwa moja ya tende, maana ni sunna. Basi lilikuwa hatua chache tu kutoka barazani. Nilikunywa maji yale, nikanyamaza.

Siku ya nne trekta lilitunasua. Tuliambiwa tushushe mizigo ili gari liwe jepesi, kisha tuibebe hadi penye ardhi ngumu. Bibi akaja kunitwika. Alishika boksi upande wake, akaliinua, na naamini alijua lina nini, kwa kuwa lilikuwa limepasuka pembeni na harufu ya tende haifichiki kwa mtu aliyefunga. Aliniwekea sawa kichwani.

"Nenda salama, mwanangu. Ufike."

Lindi niliuza tende zote, kwa bei ileile niliyoitamani.

Daraja la Mkapa, juu ya Rufiji, lilifunguliwa Agosti 2003. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilometa 60 hivi, kilikaa bila lami miaka mingi baadaye, lakini magari yalipita. Ramadhani ya mwaka huohuo wa 2003 nilishuka pale nikiwa na boksi moja la tende begani. Nyumba ilikuwepo, baraza imekandikwa upya. Bibi alikuwa ameshafariki.

Mwanamke aliyekuwa anachambua mchele aliniuliza mimi mgeni wa nani. Nikamwambia, wa bibi, tangu mwaka ule wa mvua. Hakuuliza zaidi. Aliingia ndani, akatoka na mkeka, akautandika palepale nilipolala zamani, akasema nisubiri, magharibi i karibu.