Pairaiti Ilivyobadilika Machoni Mwangu

Nilipoanza kusoma jiolojia Mlimani, dhahabu tulifundishwa kuitafuta kwenye kwatzi. Pairaiti, madini ya chuma na salfa, ilikuwa dalili tu: ukiiona, ujue maji ya moto yaliwahi kupita hapo. Wachimbaji wadogo wa Geita nao waliamini hivyo hivyo. Jiwe hilo jeupe lilisagwa kwenye karasha, likaoshwa mwaloni, zebaki ikakamata ilichoweza, na marudio, yaani mchanga uliobaki, yakalundikwa pembeni.

Kazi ya kukagua kore, yaani vipande vya mwamba vinavyotolewa kwa kuchoronga, ndiyo iliyonifungua macho. Mwamba wa Geita una mistari ya chuma na silika, na umekunjwakunjwa tangu zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Kipande kimoja sikisahau: mistari imepinda kama mkeka uliosukumwa ukutani, lakini punje za pairaiti hazikupinda, zimepasuka. Kando ya kila punje, upande uliokingwa dhidi ya mgandamizo, kwatzi imeota. Ndiyo tabia yake: joto likiwa la wastani, pairaiti ikibanwa huvunjika, ilhali kalkopairaiti na pirotaiti, madini mengine yenye salfa yaliyo laini, hutambaa yakajaza nyufa za jirani yao mgumu. Tulipoing'arisha sampuli na kuiweka chini ya hadubini, dhahabu ilikuwa humo humo nyufani.

Tukasema imeletwa baadaye. Lilikuwa jibu la enzi zile, wala si jibu baya.

Mwaka 2007 mwanajiolojia Ross Large na wenzake wakachapisha utafiti wao wa hazina ya dhahabu ya Sukhoi Log, Siberia. Waliichoma pairaiti kwa leza, kitone kwa kitone. Ile ya kale kabisa, iliyozaliwa kwenye tope la bahari, ilikuwa na dhahabu pamoja na aseniki ndani ya fuwele yenyewe, isiyoonekana kwa hadubini. Ile iliyojiunda upya mwamba ulipobanwa na kupashwa moto ilibaki na kidogo. Dhahabu ilikwisha kutoka, ikatulia kama punje zinazoonekana. Joto likifika nyuzi 500 hivi, pairaiti huanza kugeuka pirotaiti na kuachia salfa, na salfa hiyo ikiingia majini huibeba dhahabu.

Wapo wanaoihamishia Geita hadithi hiyo nzima nzima. Mimi sikubali. Kwetu, sehemu kubwa ya pairaiti ilichukua nafasi ya magnetaiti, madini ya chuma ya ile mistari, pale maji yalipopenya mipasuko. Ila swali limebadilika: sasa nauliza hii ni pairaiti ya awamu ipi.

Na marudio? Wenye sainaidi walikuja kuyanunua, kwa sababu zebaki haiigusi dhahabu iliyofungiwa ndani ya salfaidi, yaani madini yenye salfa kama pairaiti, ilhali sainaidi huipata kiasi jiwe likisagwa laini. Iliyo ndani ya fuwele ya arsenopairaiti, salfaidi yenye aseniki, huishinda hata sainaidi, mpaka jiwe lichomwe kwanza. Siku hizi wapo wenye malundo wasiotaja bei kabla sampuli haijarudi kutoka maabara.