Daftari letu la kuhamia Dodoma

Kuna mliotuuliza kama ni kweli tunahama, na kuna waliokwisha kutuaga kabla hatujasema kitu. Ni kweli. Baba watoto ni fundi umeme, amepata mkataba wa miaka miwili Dodoma, kwenye ujenzi. Tangu Serikali ianze kuhamia huko mwaka 2016, na majengo ya wizara yakasimama Mtumba, kazi za ujenzi zimevuta mafundi kutoka kila pembe, na Unguja nao wamo. Sisi huku tuna cherehani tatu, mlango mmoja wa duka Mwanakwerekwe, na watoto watatu. Kwa hiyo suala halikuwa "tunakwenda au hatwendi" tu. Lilikuwa nani anakwenda, lini, na nani analipa.

Tulinunua daftari la mistari, lile la wanafunzi, tukagawa kurasa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni maisha yetu ya sasa hapa Unguja. La pili, baba watoto aende peke yake na sisi tubaki. La tatu, twende sote.

Fungu la kwanza lilikuwa rahisi kwa sababu tunaishi nyumba ya wakwe na kodi hatulipi. Mlango wa duka 120,000 kwa mwezi. Chakula 450,000, yaani 15,000 kwa siku. Umeme, maji na gesi 95,000. Skuli, chuo cha Qur'ani na dawa za presha za Bi Mkubwa, mama yake baba watoto, 85,000. Jumla 750,000. Kinachoingia ni kama 550,000 za vibarua vya umeme na 350,000 za cherehani tukichanganya miezi mizuri na miezi mikavu. Tunabakisha 150,000, na ndiyo inayonunua matofali ya kiwanja chetu cha Dunga.

Hayo ya mafungu mengine mawili hatukutaka kuandika kwa kusikia. Maana ukiuliza watu, mmoja atakwambia Dodoma maisha ni bure, mwengine atakwambia huko maji yananunuliwa kama dhahabu. Tukapanda boti asubuhi pamoja na mtoto mdogo, Dar tukachukua treni mpya ya umeme. Nauli ya kawaida hadi Dodoma ilikuwa 31,000 kwa mtu mzima, na mtoto wetu wa miaka miwili hakulipiwa. Waliozoea basi la kutwa nzima wataelewa tukisema tulifika miguu haijavimba. Tulifikia kwa binamu yetu Nkuhungu, tukakaa wiki moja.

Siku ya pili tulikwenda soko la Majengo na daftari kwapani. Vitunguu, tungule (wenyewe wanaita nyanya), maharage, karanga na unga vilikuwa bei ndogo kuliko kwetu, na vingine tofauti yake ilitushangaza. Zabibu zinauzwa barabarani kama kwetu embe za msimu. Lakini nazi! Nazi moja ndogo, kavu, tuliyotajiwa bei yake, Bi Mkubwa angecheka mpaka akae chini. Samaki wa bahari wapo, wametoka Dar kwenye barafu na bei yao imesafiri pamoja nao. Samaki wa pale ni perege na kambale wa bwawa la Mtera. Perege tulimpika kwa binamu, tukamla vizuri tu, ingawa mtoto alimtazama akasema "huyu si changu". Tukaandika chakula 380,000, na hapo tumekubali kuwa wali wa nazi utakuwa wa Ijumaa.

Maji pale tulipofikia yalitoka siku tatu katika wiki ile. Kila nyumba ina tangi au madumu. Hilo tukaliandika kama sharti: nyumba bila tangi hatuichukui hata iwe rahisi vipi. Na tukaandika masweta, kwa sababu wenyeji walituonya kuhusu usiku wa mwezi wa sita na wa saba.

Kutafuta nyumba ndiko kulikotutoa jasho. Hapa kwetu unamuuliza jirani, jirani anamuuliza shemegi yake, nyumba inapatikana. Kule kuna dalali, na dalali anataka pesa ya kukuonyesha kabla hujaona. Wa kwanza alichukua 20,000 akatupeleka kwenye nyumba ambayo mpangaji wake alikuwa anaanika nguo uani, hana habari ya kuhama. Tulirudi kimya. Wa pili alikuwa mtu wa haki. Alituonyesha nyumba ya vyumba viwili na sebule, tangi lipo, msikiti unasikia adhana yake, 220,000 kwa mwezi. Ila mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, yaani 1,320,000, na dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja. Hiyo ni 1,540,000 kabla hujanunua hata fagio. Usafirishaji wa mzigo, boti ya mizigo mpaka Dar halafu gari mpaka Dodoma, tulikadiria 400,000. Akiba yetu yote ilikuwa 3,100,000.

Tulizunguka pia kwa mafundi wenzetu. Kule mlango wa duka wanaita fremu, na tuliyoiulizia ilikuwa 100,000, nayo kwa miezi sita. Kushona gauni la kitenge lenye bitana fundi mmoja alitutajia 30,000. Sisi hapa tukimtajia mteja 20,000 anatuuliza kama tumeweka na kitambaa. Wafanyakazi wa ofisini wengi, na kila Ijumaa unaona vitenge vinapita. Moyo ulitupanda. Usiku tulipokaa na daftari tukakumbuka kwamba wateja wetu wa Mwanakwerekwe tumewakusanya kwa miaka tisa, wengine tumewashonea sare ya skuli, kisha nguo ya harusi, kisha madera ya uzazi. Dodoma hatumjui hata mmoja. Kwenye mapato ya cherehani, miezi minne ya mwanzo, tukaandika sifuri, na fremu tukaifuta. Tutashonea sebuleni.

Kitu kingine ambacho daftari lilikisahau ni Bi Mkubwa. Kwa miaka yote yeye ndiye anayekaa na watoto tukiwa dukani, na hakuna mwezi tuliomwandika. Si yeye tu. Mjomba wa Kizimkazi akishuka mjini hatufiki siku tatu bila pweza au fungu la samaki. Nazi zinatoka shamba Bumbwini, tunalipa nauli ya dala tu. Mwenye duka la pembeni anatukopesha mpaka mwisho wa mwezi bila kuandika popote. Vyote hivi havikuwa kwenye fungu la kwanza kwa sababu havilipiwi, lakini ukiondoka vyote vinakuwa na bei. Tukaongeza msichana wa kusaidia watoto, 100,000. Kuna aliyetwambia "si mtakuwa nyumbani mnashona, msichana wa nini?" Huyo hajawahi kukata kitambaa cha mteja na mtoto wa miaka miwili akitafuta mkasi.

Basi fungu la tatu likasimama hivi: nyumba 220,000, chakula 380,000, umeme, maji na gesi 110,000, skuli, chuo na dawa za Bi Mkubwa za kutuma 90,000, msichana 100,000. Jumla 900,000. Mshahara wa mkataba ni 1,100,000. Tunabakisha 200,000.

Fungu la pili tuliliandika mwisho, na ndilo lililotunyima usingizi. Akienda peke yake: chumba 80,000, chakula cha mama ntilie 240,000, na safari moja ya kurudi nyumbani kila miezi miwili, treni, boti na magari ya katikati, 150,000, yaani 75,000 kwa mwezi. Hiyo ni 395,000. Huku nyumbani chakula kinapungua mpaka 360,000, kwa hiyo matumizi ya huku yanakuwa 660,000. Jumla ya pande zote mbili 1,055,000. Lakini mapato ni mshahara na cherehani pamoja, 1,450,000. Tunabakisha 395,000.

Tulirudia mara tatu. Kukaa mbalimbali kunatupa 195,000 zaidi kila mwezi. Kwa miaka miwili ni 4,680,000, na gharama ya kuhama hatulipi. Kwa Dunga hiyo ni mbao na mabati.

Hapo tulikaa kimya siku kadhaa. Kwa sababu tulishawahi kuishi hivyo. Baba watoto alipata kazi Mtwara miezi kumi na nne, wakati mtoto wetu wa pili ana miezi minne. Pesa ilikuja kila mwezi, hatukulala njaa. Aliporudi moja kwa moja, mtoto alikuwa anatembea. Alimbeba, mtoto akalia mpaka akakauka sauti, akainyoosha mikono kwa jirani. Kwa jirani! Ilichukua muda mrefu mtoto yule kukaa mapajani mwa baba yake bila kutafuta mlango kwa macho. Na sisi wakubwa nasi, hatutasema yote hapa, lakini kwenye simu mlijua kuulizana "gesi imebaki?" na "ada umelipa?" na si zaidi ya hayo.

Tulisali istikhara, na asubuhi yake tukapiga hesabu tena. Hatukuona kama kimoja kinakizuia kingine. Bi Mkubwa, ambaye tulidhani atatuzuia, aliuliza swali moja tu: hiyo laki mbili kasoro mnayoiogopa, kwenye simu za usiku na dharura za watu wawili wanaoishi mbali hamkuiandika? Hatukuwa tumeiandika. Hata tungeiandika isingefika laki mbili, tunajua, na yeye anajua. Lakini tukaamua twende sote, na Dunga isubiri.

Tukapanga hivi. Baba watoto alitangulia mwezi wa kwanza, akapanga chumba kwanza, mwezi kwa mwezi. Sisi tukabaki kwa ajili ya Ramadhani, kwa sababu fundi anayeacha nguo za Sikukuu ameacha mavuno shambani. Tulishona mpaka usiku wa mwezi kuandama. Faida ya mwezi ule peke yake imelipa dalali na mzigo wote. Friji na kitanda kikubwa tumeviuza huku, tutanunua kule, maana kuvisafirisha kungekula nusu ya thamani yao. Cherehani mbili zinakwenda, pamoja na risiti zake, kwani mzigo wa kwenda Bara hukaguliwa bandarini na hatutaki kuulizwa kama tunafanya biashara ya cherehani. Ya tatu tumemwachia mwanafunzi wetu, aendeleze duka na atutumie sehemu tuliyokubaliana. Wateja wa miaka tisa hawatakuta mlango umefungwa.

Limebaki moja ambalo hakuna fungu lililolitatua. Binti yetu mkubwa yuko darasa la mtihani, na mtihani wa huku si ule wa Bara. Tukimhamisha sasa anaukosa wa huku na anaanza upya kujiandaa na wa huko. Amesema mwenyewe anabaki kwa bibi yake mpaka afanye mtihani, kisha atatufuata mwisho wa mwaka. Alisema kwa sauti ya mtu mzima, halafu usiku akaja kulala katikati yetu na mdogo wake. Kwa hiyo sisi tuliohama ili tusigawanyike tunagawanyika miezi minane. Tumeandika kwenye daftari safari mbili za kuja kumwona, 300,000, na hizo hatuzipunguzi hata cherehani zikikaa bila kazi.

Mzigo wa kwanza unaondoka Jumamosi. Bi Mkubwa ameweka mbuzi ya kukunia nazi juu ya maboksi na kutukataza kuiondoa, na chini yake kuna kipolo cha nazi ishirini ambazo hatukuziomba. Atakayekuwa Dodoma mwezi ujao na anataka kushonewa, atuandikie. Sebule ipo, cherehani zipo, na bei ya kufungulia tumeshaipanga.