Bagika, Bagalu na Swali la Binti wa Meatu

Wiki tatu zilizopita wanafunzi wanne waliniletea ofisini rasimu ya katiba. Walitaka niwe mlezi wa chama chao, chama cha wanafunzi wanaotoka Simiyu. Mimi ni mzaliwa wa Bariadi. Nilifurahi, nikaomba tu nihudhurie mkutano wao mmoja kabla ya kutia saini.

Mkutano ulifunguliwa kwa Kisukuma, ukaendelea kwa Kisukuma, na mizaha yake yote ilikuwa ya Kisukuma. Nami nilicheka. Mwishoni ndipo nilipomwona binti mmoja nyuma ya ukumbi, Mtaturu kutoka Meatu, ambaye hakuwa amefungua kinywa. Alinisubiri mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Nikianzisha chama cha sisi Wataturu, mtasema nina ukabila?"

Swali hilo nilikwisha kulisikia ugenini.

Nilipokuwa masomoni Marekani, jioni moja niliwakuta vijana Weusi wakicheza katika uwanja wa chuo, wakikanyaga ardhi kwa pamoja na kupiga makofi, kila kundi na rangi zake. Walikuwa wanachama wa vyama vya undugu, vya wanaume na vya wanawake, vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki. Moyo ulinirudisha nyumbani baada ya mavuno. Usukumani tuna Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vilivyotokana na ushindani wa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevutia watazamaji wengi upande wake; ndiyo maana dawa ya mvuto yaweza kuthaminiwa kuliko miguu (wazee watanisamehe). Baba yangu alikuwa Mgika, mjomba wangu Mgalu. Walikebehiana mchana kutwa, jioni wakala ugali sahani moja.

Basi nikamwambia mwenyeji wangu, mhadhiri Mweusi, kwamba nimewaelewa: Weupe wana vyama vyao, Weusi vyao, wanashindana. Akatikisa kichwa. Alinipitisha mbele ya majumba yenye nguzo ya vyama vya Weupe. Vyama vya Weusi chuoni hapo havikuwa na hata nyumba moja.

Alpha Phi Alpha, alinieleza, ilianzishwa mwaka 1906 na wanafunzi saba katika Chuo Kikuu cha Cornell, ambako Weusi walikuwa wachache na maisha ya kijamii ya chuo yaliwaweka pembeni. Vyama vingi vya Weupe viliandika katika katiba zao kwamba mwanachama sharti awe Mweupe. Vifungu hivyo vilipofutwa, ilibaki kura ya wanachama, nayo haihitaji kuandikwa sababu. Mwaka 2013 gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alabama lilifichua jinsi vyama vya wasichana Weupe vilivyomkataa binti Mweusi mwenye sifa zote. Vyama tisa vya Weusi vina baraza lao, lililoundwa Howard mwaka 1930. "Halafu," akasema, "hutuuliza kwa nini tunajitenga."

Nililinganisha vibaya. Mgika asiye na Mgalu hana wa kumshinda. Kila mmoja anamhitaji mwenzake uwanjani. Kule upande mmoja uliweza kumaliza masomo bila kujua kwamba mwingine upo. Na wale waliofungiwa mlango hawakuishia katika chumba chao: Nkrumah na Azikiwe walikuwa wanachama wa Phi Beta Sigma, na hakuna anayewakumbuka kwa kujitenga.

Sisi tuliofunzwa kuogopa ukabila humshuku upesi anayeanzisha cha kwake. Cha kwetu hatukioni, kwa kuwa kimevaa jina la mkoa. Simiyu ni mkoa tangu mwaka 2012 tu, na humo Meatu wamo Wataturu, Wanyiramba na Wahadzabe. Mimi mwenyewe nilikaa mkutanoni saa mbili bila kuligundua hilo.

Rasimu nimeirudisha. Nimewaandikia kwamba saini yangu itapatikana mikutano ikiendeshwa kwa Kiswahili, na binti yule akipewa nafasi ya kugombea uongozi. Mwenyekiti mtarajiwa amenijibu kwamba nimewaharibia raha. Binti naye yuko kimya. Huenda anaandika katiba yake. Akiileta, hiyo nitaisoma kwanza.