Ni Kweli, Lakini

Kizimba kilijengwa kwa kimo cha watu wazima. Mvulana aliyesimamishwa ndani yake alionekana kuanzia nyusi kwenda juu, pamoja na vidole vinane vilivyong'ang'ania ukingo wa mbao. Ilikuwa mwaka 1984, katika mahakama moja ya pwani ya Kenya, na shtaka lilikuwa la kuiba madafu sita.

Mama Karani, kama watoto walivyokuja kumwita baadaye, alikuwa na miaka mitatu tu kazini. Alipanga mafaili, aliita majina mlangoni na, zaidi ya yote, alitafsiri. Hati ya mashtaka ilikuwa kwa Kiingereza, hakimu aliandika kwa Kiingereza, na mtoto alijua Kigiriama na Kiswahili. Akamsomea shtaka. Mtoto akajibu, "Ni kweli, lakini mnazi ni wa nyanya."

Mkalimani alipotamka lile "ni kweli", kalamu ya hakimu ilikuwa tayari inakwenda. "Lakini" haikuingia kwenye faili.

Anayeijua pwani anajua uzito wa jibu lile. Huku ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja, na minazi iliyosimama juu yake ikawa ya mwingine. Mtoto aweza kupanda mnazi wa ukoo wake katika shamba lililokwisha kuuzwa, asione kosa lolote. Wala haikuwa kwamba sheria ilikuwa kimya. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliagiza kwamba shtaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, maneno yake mwenyewe yaandikwe, na akizusha jambo linalotia shaka, iandikwe kwamba amekana. Lakini asubuhi ile foleni ilikuwa ndefu, na mtoto hakuwa na wakili wala mzazi pembeni. Akaamriwa kupigwa viboko.

Viboko vilikuwa adhabu halali ya mahakama, na vilikuwa na wapenzi wake, maana kesi iliisha siku hiyohiyo. Umri wa kubebeshwa jinai ulianzia miaka minane. Mama Karani anasema hakulala vizuri wiki ile, na anajilaumu mpaka leo kwamba hakuinua mkono na kusema, "Mheshimiwa, hajamaliza."

Mabadiliko hayakuja kwa kishindo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilianza kutumika Machi 2002, na watumishi wa mahakama wakaanza kuisoma kifungu kwa kifungu. Viboko vikapigwa marufuku kwa mtoto aliyekosa. Mwaka uliofuata vikafutwa katika adhabu za mahakama hata kwa watu wazima. Kifungo nacho kikaondolewa: mtoto hafungwi jela. Kesi zake zikatakiwa kusikilizwa mahali pengine au saa nyingine, mbali na masikio ya umma, na kwa Mombasa jina la Tononoka likazoeleka kuwa la mahakama ya watoto.

Kilichomgusa zaidi mkalimani ni kifungu cha 189, kifupi mno, kilichokataza maneno mawili ya Kiingereza: lile la kumtia mtu hatiani na lile la kumpa adhabu. Kwa mtoto, mahakama ingesema tu kwamba imeona alifanya kosa, kisha ingetoa amri. Kwa Kiingereza jambo hilo ni rahisi. Kwa Kiswahili cha mahakamani, hatia ilikuwa imebeba kila kitu, na hukumu ilikuwa hukumu. Mama Karani akakaa nyumbani na daftari, akijaribu maneno kwa sauti. Alichokipata akakitumia hadi anastaafu: "Mahakama imeona kwamba jambo hili ulilifanya. Sasa sikiliza amri yake." Yeyote anayedhani hayo ni mapambo ya lugha hajapata kumtazama mtoto wa miaka kumi na mitatu anapoambiwa mbele ya mama yake kwamba ana hatia.

Si kila kilichoandikwa kilitimia. Sheria iliahidi kwamba mtoto asiye na wakili atapewa mmoja na serikali. Mama Karani aliwaona wengi waliosimama peke yao. Vituo vingi vya polisi havikuwa na chumba cha watoto. Aliyeiba simu alikaa rimandi muhula mzima akingoja shahidi asiyefika. Hapo iliwaokoa kanuni moja, ile iliyosema kesi ndogo ya mtoto isipokamilika ndani ya miezi mitatu tangu ajibu shtaka, itupiliwe mbali. Anakumbuka akizihesabu tarehe kwenye jalada na kumkumbusha hakimu, kwa adabu, kwamba siku zimetimia.

Sheria mpya ya Watoto ilianza kutumika Julai 26, 2022, naye ameshastaafu. Umri wa jinai ukapanda kutoka miaka minane hadi kumi na miwili, na aliye chini ya miaka kumi na minne huchukuliwa kwamba hajui kupambanua jema na baya mpaka ithibitishwe vingine. Pia ikafunguliwa njia ya kuitoa kesi ya mtoto mahakamani: akikiri bila kushurutishwa, na mzazi akiridhia, aweza kuomba radhi, kufidia au kufanya kazi ya jamii, bila kupita kizimbani.

Mwaka uliofuata jirani yake wa Likoni alimwomba amsindikize yeye na mwanawe wa miaka kumi na mitano, aliyedaiwa kuiba baiskeli. Walivuka kwa feri alfajiri, mtoto akiwa na sare ya shule iliyopigwa pasi. Hakimu aliwaruhusu wote watatu waketi. Hapakuwa na kizimba, ilikuwa meza tu. Alipoulizwa, mvulana alisema, "Ni kweli, lakini..." akanyamaza.

Hakimu akaweka kalamu chini. "Lakini nini, mwanangu?"

Ikatoka habari ndefu ya baiskeli ya kuazima, gurudumu lililopinda, na woga wa kuirudisha ikiwa mbovu. Afisa wa watoto akaomba muda azungumze na mwenye baiskeli. Kwa Jumamosi sita zilizofuata kijana alikuwa kwa fundi baiskeli karibu na stendi, akiziba pancha, na ujira wake ukienda kwenye gurudumu jipya.