Shairi Langu Lilipokosa Pumzi

Wahenga walinena kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kwa miaka mingi, tangu nilipojiunga na chuo kikuu hadi nilipoanza masomo ya uzamili, nimekuwa nikiandika katika karatasi za mtihani kuwa shairi la Kiswahili ni utungo wa kuimbwa. Nilimtaja Kaluta Amri Abedi na kitabu chake cha mwaka 1954, nikaeleza alivyoshikilia kuwa sharti shairi liimbike. Kisha nilimtaja Euphrase Kezilahabi na diwani yake ya Kichomi ya mwaka 1974, nikaupima mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko kama apimaye nazi mbili sokoni. Alama nilizipata. Lakini naungama mbele yako, ndugu msomaji, kuwa katika muda huo wote sikuwahi kuliimba hata shairi langu moja.

Mwaka jana chama chetu kiliazimia kurekodi mashairi matano ya wanachama, ili walimu wa shule za upili wapate kuwasikilizisha wanafunzi wao. Langu lilikuwa miongoni mwa hayo matano. Ni shairi la kumkumbuka mama yangu, aliyefariki nilipokuwa katika kidato cha tatu. Lilipochapishwa mara ya kwanza, nilimpelekea nyanya yangu nakala kijijini. Nyanya hajui kusoma. Aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja, akaiweka sandukuni pamoja na kitambulisho chake. Hakuniuliza limesema nini kuhusu binti yake, nami sikumwambia. Basi habari ya kurekodi ilipotufikia, wenzangu waliwafikiria wanafunzi. Mimi nilimfikiria nyanya.

Tulikuwa na shilingi 6,000 za mchango. Studio tuliyoipata jijini Nairobi ilitoza shilingi 1,500 kwa saa, yaani tulikuwa na saa nne tu za kurekodi mashairi matano. Fundi mitambo alitupa wasia mmoja tulipokwenda kumwona: anayejifunza wimbo ndani ya studio huulipia mara mbili. Tukapewa majuma matatu ya kujiandaa.

Mwimbaji wetu alikuwa mama mmoja mzaliwa wa Mombasa, aliyeimba taarabu harusini kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Nairobi kwa mwanawe. Alikubali kutuimbia kwa nauli tu, akamleta na mpiga udi waliyezoeana. Siku ya kwanza tuliamkua, "Shikamoo, Mama," akaitikia "Marahaba, wanangu," kisha akaomba maandishi. Aliyasoma mashairi ya wenzangu huku akivumisha mahadhi kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye langu, alianza, akakatika. Akaanza tena, akakatika pale pale.

"Mwanangu," akasema, "wataka nipumue wapi?"

Nilimwonyesha kwa fahari kuwa kila mshororo una mizani kumi na sita, nane kwa nane, na vina vimetimia. Akacheka taratibu. Hesabu ilikuwa sahihi, akasema, lakini maneno yalikuwa yamebanwa. Hapo ndipo nilipoanza kuziona kwa macho mapya zile mbinu tunazozikariri darasani. Nilikuwa nimetumia inkisari ili neno refu liingie mahali padogo, na mazida ili neno fupi lijaze pengo. Katika ubeti mmoja nilikuwa nimeyakata maneno matatu yaliyofuatana. Katika karatasi uhuru huo wa mshairi huonekana kuwa umahiri. Katika kinywa cha mwimbaji ulikuwa changarawe ndani ya wali.

Kisha akauliza jambo lililonigusa zaidi. Mshororo wangu wa kwanza ulikuwa huu:

Ewe johari azizi, lulu ya pwani adhimu

"Mamako alikuwa mtu wa pwani?"

"La, Mama. Hakuwahi kuiona bahari."

"Basi hii lulu aliivaa lini?"

Sikuwa na jibu. Akaniuliza mama yangu alikuwa akifanya kazi gani. Nikamweleza kuwa alikuwa mshonaji, mwenye cherehani moja katika baraza ya duka la wenyewe. Na kuwa kila Januari, sare za shule zilipozidi, aliibeba cherehani nyumbani akashona usiku kucha. Mama yule akanitazama, akanirudishia karatasi. "Mlete huyo," akasema. "Huyu wa hapa simuoni."

Nilikwenda zangu nimefura. Nani asiyeijua lulu na johari katika ushairi wetu? Mafundi wangapi wameyatumia maneno hayo yakameremeta? Hata hivyo, usiku ule nilijaribu kuliimba shairi langu peke yangu chumbani, nikakosa pumzi kama alivyokosa yeye. Aidha, niligundua kuwa nilipoyaimba maneno "johari azizi" sikumkumbuka mama yangu hata kidogo. Niliikumbuka kamusi.

Palikuwa na hesabu nyingine iliyonilazimu kulivunja shairi. Lilikuwa na beti kumi na mbili, na kila ubeti pamoja na kiitikio ulichukua kama sekunde 50. Hizo ni dakika kumi kamili. Fundi alitaka zisizidi tano. Nilinung'unika, mpaka nilipomkumbuka Siti binti Saad ambaye wasifu wake aliuandika Shaaban Robert. Mwaka 1928 Siti na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo zao. Santuri ya kawaida ya enzi ile, ya inchi 10, ilibeba takriban dakika tatu kila upande. Mwimbaji aliyezoea hadhira ya kukesha ilimbidi autie wimbo wake katika dakika hizo. Ikiwa Siti aliweza, mimi ni nani nisipunguze beti sita?

Kwa hiyo nilianza upya. Nilitunga nikitembea, nikiimba, na kila neno lililonikaba nililiacha. Ubeti wa kwanza ukawa huu:

Cherehani barazani, usiku ikinguruma,
Koroboi dirishani, utambi ukiinama,
Sare za wana shuleni, akishona akipima,
Nami niko kitandani, nikimsikia mama.

Si ubeti wa ajabu, na hauna neno la kumpeleka mtu kwenye kamusi. Lakini mwimbaji wetu alipouimba mara ya kwanza, alivuta pumzi mwisho wa kila kipande bila kuitafuta. Nikafahamu kuwa ile mizani nane niliyoihesabu kwa vidole miaka yote hiyo ilikuwa ni pumzi moja ya mtu.

Siku zilizobaki zilikuwa za mazoezi na mambo madogo madogo ambayo sikujua yana uzito. Mpiga udi alibadilisha nyuzi zote kumi na moja juma moja kabla, kwa sababu nyuzi mpya hunyooka na kulegea kabla ya kutulia. Alishusha sauti ya ala hadi ikamfaa mwimbaji, wala hakumtaka mwimbaji aifuate ala. Tulirekodi mazoezi kwa simu, tukajua kila wimbo una dakika ngapi. Tuliyachapa maneno kwa herufi kubwa, kila wimbo ukurasa mmoja, kwa kuwa maikrofoni husikia hata karatasi ikipinduliwa. Mama alivua bangili zake nyumbani, akabeba chupa ya maji vuguvugu.

Mzozo mmoja ulizuka siku yenyewe. Shairi la mwenzetu lilimtaja paa wa mwituni, na kila mwimbaji alipolitamka neno hilo pumzi ya P iligonga maikrofoni ikatoa kishindo. Fundi akamwomba ailainishe. Akakataa katakata. Katika Kimvita, paa mnyama hutamkwa kwa mpumuo na paa la nyumba hutamkwa bila mpumuo. "Nikiiondoa pumzi," alisema, "mnyama wenu ataezekwa makuti." Somo lile la fonolojia tulilipata bure, ilhali saa ya studio ilikuwa ikienda. Fundi alisogeza maikrofoni kando kidogo, akawamba kitambaa chembamba mbele yake, na paa akapita salama.

Shairi langu lilirekodiwa la mwisho, zikiwa zimesalia dakika ishirini. Liliimbwa mara mbili tu. Mara ya pili feni ilizimwa, hakuna aliyekohoa, na mimi niliyekuwa mmoja wa waitikiaji wawili niliikosa sauti katika kiitikio cha mwisho. Ukisikiliza vyema utasikia mwitikiaji mmoja tu. Fundi aliuliza kama turudie. Mama akasema iachwe vivyo hivyo.

Nilimpelekea nyanya wimbo ule ndani ya simu. Alisikiliza akiwa ameketi kwenye kigoda, kichwa amekiinamisha. Kiswahili chake ni cha sokoni. Naamini "adhimu" lingempita kama upepo. Ulipokwisha aliomba urudiwe, kisha ukarudiwa tena. Baada ya mara ya tatu alisema, "Koroboi haikuwa dirishani. Ilikuwa mezani. Dirishani ingezimwa na upepo."

Nimehesabu: "koroboi ya mezani" ni mizani nane, na kina hakiharibiki. Pesa za kurudi studio hatuna, kwa hiyo katika sauti koroboi itabaki dirishani, ila katika daftari langu nimekwisha kuihamisha.

Wanachama wenzangu, sisemi kuwa kila shairi liende studio, wala sisemi kuwa mtunzi wa shairi huru amepotea. Ombi langu ni dogo. Kabla hujampa mhariri wa jarida hili utungo wako, ufungie mlango uuimbe, au uusome kwa sauti kuu. Ukikosa pumzi, usiulaumu mwili wako. Kisha mtafute yule unayemtaja, au aliyemjua, umsikilizishe. Huenda akakurekebisha jambo ambalo mhadhiri wako hana njia ya kulijua.