Ninaandikaka

Tulipokuwa mwaka wa pili, mwalimu wetu wa mofolojia alitupa zoezi ambalo wengi tulilidharau. Kila jioni, kwa muhula mzima, kila mwanafunzi aandike sentensi moja aliyoisikia siku hiyo. Chini yake aeleze nani kaisema, wapi, na imemgusaje yeye anayeiandika. Mambo mawili ya kwanza tuliyaelewa. La tatu lilituchekesha. Tulikuja kuchambua lugha, tukaambiwa tujichambue wenyewe.

Nilijaza kurasa zangu kwa maneno ya soko la Kadutu na ya abiria wa teksi. Sehemu ya tatu niliitunga usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi: "imenifurahisha", "imenihuzunisha". Hakuna siku niliyokaa nikajiuliza kama ni kweli.

Alhamisi tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha kwetu Kalehe. Mito ilishuka kutoka milimani na mawe na magogo, ikavifagia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Kwa Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Miili zaidi ya 400 ilipatikana. Watu wengine wengi hawajaonekana hadi leo. Mama mdogo wangu, aliyekuwa amekwenda kuuza sambaza, ni mmoja wao.

Nilirudi nyumbani. Daftari lilikuwa ndani ya mfuko, lakini kwa wiki kadhaa sikuandika kitu. Kisha jioni moja mgeni alikuja kutupa pole. Hakumfahamu sana marehemu, akauliza alikuwa akifanya kazi gani. Mama akajibu: "Anauzishaka sambaza Nyamukubi, kila siku ya ine."

Kwa mazoea tu nilitoa kalamu. Niliiandika sentensi ile, nikapiga mstari chini ya kiambishi -ak-. Mkono wangu ulitaka kuongeza "alikuwa" mbele yake, jinsi tunavyosahihishana darasani. Nikafika kwenye sehemu ya tatu: imekugusaje? Nilikaa muda mrefu. Hatimaye niliandika: "Nilitaka kumsahihisha mama." Nadhani huo ndio mstari wa kwanza wa kweli katika daftari lile.

Tangu hapo kiambishi hicho hakijaniacha. Wasomaji wa jarida hili wanakijua. Katika Kiswahili tunachokizungumza Bukavu na kandokando ya ziwa, -ak- huonyesha jambo la kila mara: tunaendaka, banaimbaka, ninaandikaka. Kina ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu zinazotuzunguka. Kiswahili sanifu hutumia hu-: huenda, huimba, huandika. Walimu wetu wanatufundisha kwamba hu- haipokei kiambishi cha nafsi. Mimi huandika, wewe huandika, yeye huandika, kitenzi hakibadiliki. Lakini katika ninaandikaka, ni- imebaki mahali pake. Tabia ina mwenyewe.

Sitaki kujenga falsafa juu ya silabi moja. Hata hivyo, ilinisaidia kuona kosa langu. Miezi yote ile zoezi nilikuwa nalifanya kwa mtindo wa hu-: kurasa zilijaa, ila mwenye kuandika hakuwemo.

Baadaye nikaanza kutunga mashairi kuhusu mama mdogo. La kwanza lilimweka sokoni akitabasamu, mkono mkunjufu, akimwongezea kila mteja samaki juu ya kipimo. Nikamsomea mama, naye akalisikiliza hadi mwisho, kisha akasema huyo simjui. Dada yake hakuwa mtu wa kucheka sokoni. Alipima kopo likajaa sawasawa, hakuongeza hata sambaza mmoja, na mteja akilalamika alimwonyesha meza ya jirani. Ukarimu wake ulikuwa nyumbani, na hata huko aliufanya kwa kukunja uso.

Nilichana shairi lile. Nililipamba kwa sababu kumsifu kulikuwa rahisi kuliko kumkumbuka. Katika la pili niliweka kopo. La tatu likapata meza ya jirani. Kila mara mama aliongeza jambo nililokuwa nimelisahau au sikuwahi kulijua, na kila mara niligundua kitu juu yangu pia: kwamba mimi ni mtu wa kukimbilia neno zuri kabla ya kutazama.

Mwezi wa Desemba tulikuwa tunachambua maharagwe. Mama alikuwa anaongea na jirani kuhusu bei za samaki, akasema, bila kusita: "Dada yangu alikuwa anauzishaka kwa bei ndogo kuliko hiyo." Hakuna aliyeshtuka. Usiku nilifungua daftari, nikaandika sentensi hiyo, halafu nikarudi nyuma hadi ile ya kwanza. Kati ya "anauzishaka" na "alikuwa anauzishaka" kulikuwa na miezi saba ya msiba wa mama yangu, na mimi niliyelala nyumba moja naye nisingeiona safari hiyo kama nisingekuwa nimeandika.

Katika fani yetu tunamtaja sana Candi Rureke, mtambaji wa Kinyanga aliyesimulia utenzi wa Mwindo mwaka 1956. Alisimulia kwa siku nyingi, akiimba na kuigiza mbele ya watu, huku Daniel Biebuyck na wasaidizi wake wakiandika kwa mkono. Kitabu alichokitoa Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene kilichapishwa mwaka 1969. Zamani nilikihesabu kitabu hicho kama mnara. Sasa nafikiria ile miaka 13 katikati, watu wakirudi na kurudi kwenye kurasa zilezile. Daftari langu si Mwindo, lakini kazi ya kurudi naitambua.

Zoezi lilikwisha zamani. Nilipata alama za kawaida, maana nusu ya kurasa zangu zilikuwa uongo na mwalimu alijua. Naendelea bado: sentensi moja, jioni, na lile swali la tatu. Wenzangu wanaoanza mwaka huu wakipewa zoezi hilo, nawaomba wasiliache swali hilo hadi usiku wa mwisho.

Shairi la mama mdogo limefika toleo la tisa. Kopo lipo, meza ya jirani ipo, uso uliokunjwa upo. Bado sijapata mstari wa sauti yake akihesabu chenji. Nimejaribu mara nne, na mama amekataa mara nne.