Alijenga au Alijengesha?

Mwezi Machi mwaka 2020, serikali ya Kenya ilipofunga shule zote kwa sababu ya janga la korona, watoto watatu wa nyumba moja ya Mwabungo, kando ya barabara iendayo Lungalunga, walirejea kwao na mikoba yao wakidhani ni likizo ya majuma machache. Likizo hiyo ikageuka kuwa miezi tisa na ushei. Hoteli za Diani nazo zilifunga milango, moja baada ya nyingine, na mama yao, aliyekuwa karani katika mojawapo, akaambiwa asubiri kuitwa. Hakuitwa. Basi nyumba ikapata mwalimu asiye na mshahara na wanafunzi wasio na darasa.

Hesabu hazikumsumbua sana mama huyu, na kusoma kulisaidiwa na vipindi vya redio. Lililomshinda ni somo la historia. Jioni moja mwana wa kati, mvulana wa miaka kumi na mmoja, alisimama mbele ya babu yake akakariri alichokisikia kwa dadake: kwamba Wamazrui waling'olewa Mombasa na Sayyid Said mwaka 1837, kwamba baadhi yao walihamia Takaungu na wengine Gazi, kwamba Mbaruk bin Rashid wa Gazi aliwapiga vita Waingereza mwaka 1895 hadi alipokimbilia upande wa Wajerumani mwaka 1896. Hakukosea hata tarakimu moja.

"Na Gazi iko wapi?" mama akamuuliza.

Mvulana alitazama juu, akatazama chini, kisha akajibu kwa sauti ya mtu anayebahatisha, "Kwa Waarabu."

Babu aliangua kicheko, lakini mama hakucheka. Gazi iko kwenye barabara ileile ipitayo mbele ya nyumba yao. Mtu akipanda matatu Mwabungo kuelekea kusini, hufika kabla hajamaliza mazungumzo na jirani yake wa kitini. Mtoto alikuwa ameimeza historia ya nyumbani kwao bila kuionja. Usiku ule mama aliamua kwamba watoto wake wataisoma historia kwa mikono.

Wazo lenyewe si geni. Mwishoni mwa karne ya 19, katika shule ya majaribio aliyoianzisha John Dewey mjini Chicago mwaka 1896, watoto walipewa pamba na sufu ghafi wazishughulikie wenyewe. Walipokaa nusu saa wakichambua mbegu kutoka katika pamba na kuambulia nyuzi kidogo mno, walitambua, bila kuhubiriwa, kwa nini watu wa zamani walivaa sufu zaidi ya pamba kabla ya mashine ya kuchambulia kuvumbuliwa. Huku kwetu, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alisisitiza katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule isitengane na kazi. Mama wa Mwabungo hakuwa na maabara wala shamba la shule. Alikuwa na ua, na alikuwa na baba yake mzazi, mzee aliyetumia ujana wake kuchonga mawe ya matumbawe katika matimbo ya Kwale.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujenga chumba kidogo cha mawe, mfano wa nyumba za kale za pwani. Vipande vya mawe viliokotwa kwenye timbo lililoachwa. Chokaa ilinunuliwa dukani, na babu aliichanganya mwenyewe kwa kuwa huunguza ngozi ya mtoto. Kwa boriti walitumia fito za mvinje, maana mikoko haikatwi ovyo tena. Babu alitoa sharti moja tu: kila fito iwe na urefu wa shubiri tatu, isizidi hata kwa kidole.

Mwana wa kati alitaka ukumbi mpana. Alipanga kuta zake kwa mbali, akajaribu kutandika fito, zikadumbukia ndani. Alisogeza ukuta mmoja, kisha akasogeza tena. Mwishowe alisimama, mikono imejaa vumbi jeupe, akasema polepole, "Kumbe chumba kinafuata mti." Naam, ndivyo ilivyokuwa. Vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni virefu na vyembamba, na mara nyingi upana wake haufiki meta tatu, kwa sababu boriti ya mkoko ndiyo iliyoamua nafasi kati ya ukuta na ukuta. Mtoto yule alikuwa amelifikia kwa viganja vyake jambo ambalo wasanifu wa majengo hulieleza kwa michoro.

Lakini somo zito lilitoka kwa kitindamimba, binti wa miaka minane. Yeye alipewa kazi ya kubeba mawe kutoka langoni hadi uani. Siku ya kwanza alibeba akiimba. Siku ya pili alibeba kimya. Siku ya tatu aliketi juu ya jiwe, akakataa kuinuka, kisha akauliza, "Babu, zile nyumba kubwa za kweli, mawe yake alibeba nani?"

Babu alikuwa akilainisha ukuta kwa mwiko. Mkono wake ulisita.

Kifunguamimba, aliyekuwa darasa la saba, alidakia kwa yakini ya mtu aliyesoma: "Masultani na mashehe ndio waliojenga. Kitabu kinasema."

"Sheikh hakujenga, mjukuu wangu," babu akasema bila kuinua macho. "Alijengesha."

Hapo ndipo msomaji wa taaluma ya Kiswahili anapopaswa kutua. Kiambishi cha usababishi ni miongoni mwa mambo ya awali kabisa katika somo la mnyambuliko. Wanafunzi hukijaza kwenye majedwali, wakapata alama zao, wakasahau. Ilhali katika ua ule wa Mwabungo, silabi moja ilibeba tofauti kati ya mwenye nyumba na mwenye kidonda begani. Vitabu vingi husema fulani "alijenga" ngome, msikiti au kasri. Vingine hukimbilia kauli ya kutendwa: nyumba "ilijengwa", shamba "lililimwa", minazi "ilipandwa". Kauli hizo si makosa ya sarufi. Hata hivyo, ya kwanza humpa tajiri mikono ambayo si yake, na ya pili huondoa mikono yote, kana kwamba mawe yalijibeba.

Wanahistoria wamekwisha kuonyesha kwamba mashamba ya pwani katika karne ya 19, hasa ya Malindi na Mombasa, yalistawi kwa kazi ya watumwa. Mkataba wa mwaka 1873 ulipiga marufuku biashara ya watumwa baharini na soko la Unguja likafungwa, lakini hali yenyewe ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Aidha, mambo hayakuwa mepesi ya wabaya upande huu na wema upande ule. Wakati wa njaa kali, wako Wamijikenda waliowaweka watoto wao rehani ili wapate chakula, na wako miongoni mwao waliomiliki watumwa. Mama aliyajua haya kutoka vitabuni. Hakuwa amejiuliza yanaihusu vipi nyumba yake.

Mwezi Agosti watoto walianza kazi ya pili. Makumbi ya nazi waliyoyafukia ufuoni tangu Aprili yalifukuliwa, yakapondwa, yakatolewa usumba, nao wakaanza kusokota kamba ya kushonea kielelezo cha mtepe, jahazi la kale lililoshonwa bila misumari. Kazi ya asubihi nzima ilizaa kamba isiyotosha kumfungia mbuzi. Mafunzo yalikuwa yanakwenda vizuri, hadi alasiri moja mama alipotoka jikoni akakuta mwana wa kati amemfunga kitindamimba mikono kwa kamba ileile na kumwongoza kuzunguka ua. Walikuwa wamesikia habari za mapango ya Shimoni, ambamo inasimuliwa kuwa watumwa walizuiliwa wakisubiri vyombo. Mvulana alikuwa akifanya historia kwa mikono, kama alivyofundishwa. Dadake hakuwa akicheka.

Mama alifungua fundo bila kusema neno. Ngozi ya mtoto ilikuwa na mstari mwekundu.

Wiki iliyotangulia, babu alikuwa amewapeleka katika Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ambao ni miongoni mwa makaya ya Wamijikenda yaliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Kule walifungwa nguo nyeusi viunoni, wakaambiwa wasitoke na kitu chochote, hata jani lililokauka. Kitindamimba alikuwa ameuliza watajifunzaje bila kugusa, na mzee aliyewaongoza alimjibu kwamba pale hujifunza kwa kunyamaza. Mama aliwakumbusha neno hilo. "Kujenga tutajenga," aliwaambia, "na kusokota tutasokota. Lakini uchungu wa mtu si mchezo wa kuigizwa. Hapo mikono tunaiweka nyuma, kama kaya."

Hapo upo mpaka ambao walimu wa njia hii ya vitendo hawana budi kuuchora mapema. Mikono humfundisha mtoto uzito wa jiwe, urefu wa boriti na saa zinazomezwa na pima moja ya kamba. Haiwezi kumfundisha maana ya kutojua kama utamwona mama yako tena. Anayedhani mtoto ataonja utumwa kwa kufungwa dakika tano anaupunguza utumwa, na anamfundisha aliyeshika kamba zaidi ya anavyomfundisha aliyefungwa.

Usiku ule babu hakula. Watoto walipokuwa wamejilaza mkekani, alisema kwamba bibi yake, mzaa baba, hakuwa Mdigo wa kuzaliwa. Aliletwa akiwa mtoto kutoka bara la kusini, upande wa Ziwa Nyasa, na aliwahi kubembeleza wajukuu kwa maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa. Alibeba mawe. Aliolewa, akazaa, akazikwa kwa heshima, na ukoo ukakubaliana kimyakimya kwamba asitajwe alikotoka. Kisha babu akalitaja jina lake, lile alilokuja nalo.

Habari hazikukaa mkekani. Siku chache baadaye dada yake babu alifika akiwa amejitanda leso, akakataa hata maji. "Kaka, umewaambia nini watoto?" Akamgeukia mama, "Na wewe, mwanangu, hayo ndiyo masomo? Unataka wanao waitwe wajukuu wa mtumwa? Huyu msichana ataolewa na nani? Na kesho likizuka neno la shamba, wataambiwa si wa hapa!"

Hofu yake haikuwa ya bure, na itakuwa dhuluma kumchora kama kikwazo cha elimu. Katika pwani ya kusini, ambako migogoro ya ardhi imezitesa familia nyingi, swali la nani mwenyeji na nani mgeni linaweza kumgharimu mtu kiwanja cha nyumba yake. Kimya cha ukoo kilikuwa ukuta pia, na aliyekijenga alikuwa na sababu. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Alimwomba radhi kwa kutomshauri kwanza, maana habari zile hazikuwa zake peke yake. Lakini hakuahidi kwamba watoto watasahau.

Kifunguamimba alikuwa na daftari la historia. Baada ya kisa hicho alilifanyia mabadiliko aliyoyabuni mwenyewe: kila ukurasa aliugawa kwa mstari, upande mmoja akaandika "Tumesoma", upande wa pili "Tumesimuliwa". Mwaka 1907 uliingia upande wa kwanza. Maneno ya babu yaliingia upande wa pili, isipokuwa jina. Mahali pa jina aliacha nafasi tupu, akasema atalijaza siku bibi yake mdogo atakaporidhia.

Shule zilifunguliwa kwa wote Januari 4, 2021, na sare zikatolewa sandukuni zikiwa fupi. Mvua za masika zilipokuja, chumba kidogo cha uani kilibaki kimesimama, kimemomonyoka pembe moja tu.

Siku ya Idd mwezi Mei, dada yake babu alifika tena, safari hii na sinia la vileja. Baada ya chakula alimwita kitindamimba, akamwambia amwonyeshe hicho kinyumba kinachosemwa. Alikizunguka mara moja. Aliinama akashika jiwe la msingi, akauliza ni nani aliyelibeba. Mtoto akasema ni yeye. Kisha, kwa kuwa watoto hawana simile, akalitaja jina la yule bibi wa kale, akasema, "Kama yeye."

Watu wazima walinyamaza. Mwana wa kati alimkanyaga dadake mguu.

"Halitamkwi hivyo," bibi akasema hatimaye. "Babu yenu naye hulikosea. Alikuwa mdogo, mimi ndiye niliyelala naye kitanda kimoja hadi alipokufa." Akalitamka taratibu, silabi baada ya silabi, na watoto wakamfuatisha. Kifunguamimba alimtazama akisubiri. Bibi akatikisa kichwa kukubali, naye msichana akaingia ndani kuchukua daftari.